Mguu wa Kishindo

Mwishoni mwa mwaka jana nilikuwa nyumbani Buganguzi, kule Muleba, nimekaa barazani na ungo wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, mapajani, nanyofoa mabawa na miguu, huku mtoto wa kaka yangu akigombana na simu. Naam, kugombana. Alikuwa anabonyeza kwa hasira mpaka nikaionea simu huruma. Nilipomuuliza kulikoni, akasema yuko kwenye kundi la wapenzi wa Kishindo, yule shujaa wa katuni, ambaye siku hizi amerudi upya na anasomwa kwenye simu. Watu wanachambana humo tangu asubuhi kwa sababu ya mguu wake.

"Shangazi, hivi Kishindo alikuwa anachechemea kweli, au alikuwa anajifanya?"

Nusura ungo unidondoke. "Kweli kabisa," nikamwambia. "Nani anasema alijifanya?"

"Wengi tu. Wanataka chanzo. Kuna mmoja ameweka picha ya gazeti la zamani, imeandikwa alijifanya. Mimi sina cha kuweka."

Nikamwambia atulie kwanza. Na wewe rafiki yangu, tulia nami kidogo. Chanzo ninacho, ila si cha kupigwa picha.

Kama ulikua wakati wetu, Kishindo unamjua. Kama hukukua wakati wetu, pole, nitakueleza. Alikuwa shujaa wa gazeti la katuni lililotoka Dar es Salaam kila mwezi, miaka nenda rudi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi na mwembamba, na nguvu zake zote zilikaa humo. Akiukanyaga chini kwa hasira, kuta za majambazi zilipasuka. Mchoraji aliandika hatua zake pembeni ya picha kwa herufi kubwa: ti-NDU, ti-NDU. Ndiyo maana Kishindo hakuweza kumnyatia mtu. Maadui walimsikia tangu mbali, naye hakujali. Alisema anawapa muda wa kutubu.

Kwetu gazeti lilifika limechelewa sana. Mjomba, fundi cherehani pale Bukoba mjini, alilinunua liliposhuka na meli ya kutoka Mwanza, wakalisoma yeye na wateja wake, ndipo akampa dereva wa gari la Muleba atuletee, limeviringishwa pamoja na mche wa sabuni. Basi kwangu mimi Kishindo ana harufu ya sabuni. Ukinipa mche mpya hata leo, kabla sijaanza kufua nitaunusa kwanza.

Msomaji alikuwa dada yangu mkubwa. Aliugua akiwa mdogo sana, na mguu wake wa kushoto ukabaki nyuma wakati wa kulia ukiendelea kukua. Kabla ya Kishindo, dada alikuwa akiondoka nyumbani alfajiri, mapema kuliko sisi sote, peke yake, kupitia katikati ya vibanja vya migomba, ili watoto wenzake wasimwone anavyotembea njiani. Sisi tulimkuta darasani, ametulia, miguu ameificha chini ya dawati. Nyumbani hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Bibi tu ndiye alikuwa akimfungia viazi vya kula njiani, na kumsindikiza kwa macho mpaka migomba immeze.

Kisha gazeti likaja, na humo ndani kukawa na mtu anayetembea kama yeye, na dunia nzima inamwogopa. Sijui nikueleze vipi kilichotokea. Siku moja tu dada alitusubiri asubuhi mlangoni, mkoba begani, akasema, "Twendeni, mbona mnachelewa?" Tukatembea naye barabarani, katikati yetu. Watoto wa shule walianza kuita ti-NDU, ti-NDU kwa utani, na muda si muda ikawa salamu. Wavulana wakubwa walimpisha njia. Mimi nilibeba mkoba wake siku hiyo, na hakuna ofisa aliyewahi kubeba mkoba kwa maringo kama yale yangu.

Jumamosi mchana ndiyo ilikuwa siku ya kusoma. Bibi alikaa uani anamenya ndizi, utomvu umemganda vidoleni, maganda akiwarushia ng'ombe bila kuwatazama. Kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya mikeka, nasi tulipewa kazi ya kuigeuza na kufukuza kuku, kwa hiyo uani palinuka kahawa mbichi inayochacha kwa jua. Majirani walikuja na visingizio vyao, huyu anaazima jembe, yule anauliza hali ya mgonjwa ambaye alishapona zamani. Bibi hakujua kusoma, na Kiswahili alikisikia kwa mbali, hivyo dada alisoma kimyakimya picha moja, kisha akaitoa kwa Kihaya, na sauti za watu wote, na miguu ya Kishindo akaipiga mwenyewe kwa mguu wake.

Lakini hakuanza hivi hivi. Kwetu hadithi ina mlango wake. Msimuliaji husema, "Nkaija nabona," nilikuja nikaona. Wasikilizaji huitikia, "Bona tulole," ona nasi tuone. Wasipoitikia hakuna hadithi, kuna mtu anayeongea peke yake. Bibi alisisitiza kwamba hata gazeti la Dar lipite mlango huo huo, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuitikia, kwa sauti ndefu, kisu kikiwa hewani.

Sasa sikia walichotufanyia. Ukaja mwezi, sabuni imefika, gazeti limefika, dada amekaa. Nkaija nabona. Bona tulole. Akafungua ukurasa wa kwanza na uso wake ukabadilika. Mchoraji alikuwa mpya. Kishindo alikuwa amesimama juu ya ghorofa, kifua mbele, miguu yote miwili imenyooka kama nguzo za umeme. Na chini ya picha aliwaambia rafiki zake kwamba hajawahi kuwa na kilema chochote. Miaka yote ile alikuwa akijifanya anachechemea ili maadui wamdharau.

Dada alisoma mpaka mwisho. Hakuruka neno, na hakupiga mguu chini hata mara moja. Alipomaliza alikunja gazeti akaingia ndani, na majirani wakaondoka hata bila kuaga vizuri.

Jumatatu shuleni palikuwa hapatoshi. Wapo waliofurahi, wakasema afadhali, sasa ataruka vizuri zaidi. Wapo waliosema mchoraji mpya amehongwa na maadui. Chini ya mkaratusi wavulana walishikana mashati. Mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyekuwa akiazima gazeti letu na kulirudisha lina mafuta ya maandazi, aliulizwa darasani atoe hukumu. Akapangusa chaki mikononi akasema, "Kilichochapishwa ndicho rasmi. Ninyi ni wasomaji, hamna mamlaka." Basi mvulana mmoja wa nyuma akageuka kumtazama dada yangu, akauliza, "Kwa hiyo na wewe unajifanya?"

Darasa likacheka. Mwalimu alikemea, lakini maneno yalishatoka. Kesho yake asubuhi tulipoamka, dada alikuwa ameshaondoka. Na keshokutwa vilevile. Ile salamu ya ti-NDU ikawa tusi, na dada akairudia njia yake ya kwenye migomba, umande ukimlowesha sketi. Niliumia, rafiki yangu. Nilimchukia mchoraji ambaye sikumjua jina wala sura, na nakwambia bado sijamsamehe sawasawa.

Gazeti lililofuata lilipokuja, dada alitaka kukataa kusoma. Bibi akasema hapana, kaa. Majirani walikuwa wengi kuliko kawaida, maana ugomvi ulikuwa umefika hadi kwenye mizani ya kahawa. Hata mwalimu alikuja, akapewa kigoda. Dada akafungua gazeti, akasema kwa sauti ndogo, "Nkaija nabona."

Bibi akamenya ndizi.

Tulisubiri. Hakuna mtu mwenye adabu anayeweza kuitikia kabla ya mwenye nyumba. Dada akarudia, "Nkaija nabona." Bibi akachukua ndizi nyingine. Kuku akapanda kwenye kahawa, na hakuna aliyemfukuza. Ndipo bibi akaweka kisu chini.

"Huyo wa kwenye karatasi mimi siitikii," alisema kwa Kihaya. "Huyo hakuja na hakuona. Amevaa nguo za mwenzake. Mwana wange, yule uliyemwona wewe, yuko wapi?"

Mwalimu akakohoa, akamwita kwa heshima. "Waitu, lakini gazeti linasema..."

"Gazeti limekuja nyumbani kwangu limeviringishwa na sabuni," bibi akamjibu. "Hapa linaingia kama mgeni. Mgeni hanibadilishii watoto."

Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka. Dada hakucheka. Alilikunja gazeti, akalikalia. Ndiyo, akalikalia. Kisha akasema mara ya tatu, sasa kwa sauti yake yenyewe, "Nkaija nabona!"

"Bona tulole!" bibi akaitikia, na ua mzima nyuma yake.

Dada akatusimulia kwamba yule wa juu ya ghorofa ni tapeli, ameiba nguo na jina. Kishindo mwenyewe alichoka na Dar, akapanda meli, akashuka Bukoba, akaja Muleba kwa miguu. Na kwa sababu huwezi kumficha mtu mwenye hatua kama zile, watu wa huku walimsikia kabla hawajamwona. Hapo dada akasimama, akaukanyaga mguu wake kwenye udongo wa ua. Ti-NDU. Nakuapia kahawa ilitikisika kwenye mikeka. Mwalimu alikuwa ameinama mbele kwenye kigoda chake, mdomo wazi.

Jumatatu asubuhi niliamka nikamkuta dada mlangoni, mkoba begani. "Mbona mnachelewa?"

Toka hapo Kishindo alikuwa wetu. Kule Dar waliendelea kuchapisha yule tapeli wao, wakamwoza, wakamuua, wakamfufua, wakampa kaka pacha. Sisi hatukuwa na habari nao. Watoto walikuja kutoka vijiji vya jirani Jumamosi kusikia kilichompata Kishindo wa kweli, jinsi alivyowatoa wezi wa kahawa mafichoni, jinsi alivyopita ufukweni Rubafu ziwa likamsikia. Yule mvulana wa nyuma alikuwa anakuja mapema ili akae mbele. Mwalimu alikuwa anaitikia kwa sauti ya kwaya, na mwisho wa muhula alimpa dada kazi ya kusoma mbele ya shule nzima.

Mambo mengi yamekwenda. Bibi tulimzika pale nyuma, karibu na mti wake wa kahawa. Magazeti yale yaliishia kufungia karanga. Uani sasa kuna saruji, na Jumamosi kila mmoja ana simu yake na hadithi yake, wala hakuna wa kuulizwa kama anaitikia. Hilo linaniuma, sikufichi. Lakini nikikumbuka kwamba ua wetu mdogo ulimkatalia mchoraji wa Dar na Kishindo akasalimika, nakaa vizuri kwenye kiti changu.

Mtoto wa kaka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua simu. "Sasa niandike chanzo gani, shangazi?"

"Andika hivi: bibi alikataa kuitikia."

Akaandika. Mara moja simu ikaanza kulia, watu wanauliza bibi gani, wa wapi, ana mamlaka gani. Mtoto akataka kujibu, lakini nikamshika mkono. Dada, ambaye siku hizi ni mwalimu mkuu huko Izimbya, alikuwa amefika kwa ajili ya sikukuu, na hatua zake tulizisikia tangu kwenye migomba kabla hatujamwona. Ti-NDU, ti-NDU. Watoto wote waliokuwa uani waligeukia njia, na mtoto wa kaka yangu, ambaye Kihaya chake ni cha kubahatisha, akaitupa simu kwenye ungo wa senene akapaza sauti kabla mtu hajaanza hadithi yoyote, "Bona tulole!"