Nyumba Isiyo na Upenu

Harufu ya lipu mbichi imenirudisha kwenye ile nyumba ya mjini, iliyojengwa wakati wa Mwingereza, kabla ya vita vya pili vya dunia. Kona zake zilikuwa za mviringo, na paa lake bapa la zege halikuonekana kutoka chini.

Mama alipopanga chumba humo, bibi alishuka kutoka milimani na mkungu wa ndizi kichwani. Hakuingia. Aliizunguka nyumba nzima, akaugonga ukuta kwa vidole kama mtu anayechagua nazi.

"Upenu uko wapi?"

"Hizi hazina upenu, mama. Ni za kisasa."

"Sasa anayepiga hodi mvua inanyesha, asimame wapi?"

Mama akacheka. Bibi hakucheka.

"Aliyejenga hapa hakutaka watu."

Akautua mkungu mlangoni, akapanda zake mlimani. Hakuja tena.

Leo fundi anamalizia nyumba yangu huku Kilakala, paa limefichwa nyuma ya kuta kama wanavyojenga wote siku hizi. Mvua imeshika. Nasikia hodi, nafungua. Ni mama, ameloa chapachapa, anaangalia juu ya mlango. Hacheki.