Kisigino cha Kushoto

Nyie vijana mtakaosoma haya, someni bila kunicheka. Mimi shule niliishia darasa la nne, na uongo sijauzoea.

Binti yangu wa mwisho aliipenda filamu moja kuliko chakula. Aliiona kwenye kibanda cha video Lushoto siku tuliyoshusha kabichi, akanunua sidii yake. Ndani yake kuna fundi cherehani, msichana, anashona magauni ya wenzake huku akitamani awe mwanamitindo. Hata mimi niliitazama, maana wamevaa suruali za bugaluu zilizopanuka chini na viatu vya raizoni vyenye soli nene, mavazi ya usichana wangu. Huku Mtae watu walijaa sebuleni kwangu, na pale yule fundi anapovaa gauni lake mwenyewe tulilia kila mara, kama hatujawahi kuona.

Binti alijifunza ule mwendo wa wanamitindo wa kwenye filamu nyuma ya nyumba, toka mlango wa jiko hadi ukingo wa genge linaloangukia bondeni. Pa kugeukia palikuwa na jiwe limechomoza, basi akigeuka huinua kisigino cha kushoto kulikwepa. Akaugua, akafa, akaniachia mtoto wa miezi saba. Jiwe nikaling'oa mwaka uleule. Sikutaka kuliona.

Mtoto huyo sasa ana miaka kumi na mitano. Filamu kaipata kwenye simu, na wenzake wanaipenda vilevile. Nguo zile wao wanaziona mpya.

Juzi, saa nne asubuhi, ukungu umefunika bonde lote, nilikuwa nje nachambua maharage. Nikamwona anatembea kuelekea gengeni. Akafika ukingoni, akageuka. Akainua kisigino cha kushoto.

Nikamuuliza nani kamfundisha hivyo. Akasema ndivyo anavyofanya yule wa kwenye filamu. Nikamwambia aiweke. Tuliitazama pale anapogeuka, mara tatu. Nyayo zote mbili ziko chini.

Mjukuu akasema polepole, "Sasa bibi, mimi huwa namfuata nani?"

Nilikuwa naangalia ule ukingo. Toka alipogeukia hadi hewani ni hatua moja, nami nimeshazika mmoja.

Filamu sikuikataza. Wangeitazama kwa kujificha, na mimi mwenyewe bado naipenda. Niliwaita wote wa nyumbani nikawaambia:

"Huo mwendo fanyeni, lakini kuanzia leo mtu aanzie barabarani, aje nyumbani. Nyuma ya nyumba hapiti mtu. Na ukungu ukishuka, huyu mtoto ashikwe mkono."