Shubiri Mbili za Shangazi

"Mche huu ukipungua hata unene wa kucha, njooni mnioshe nao mdomo hadharani!"

Hayo aliyasema Shangazi mwenyewe, kwenye kipaza sauti, mbele ya wenye maduka waliojaza ukumbi mpaka wengine wakakalia makreti ya soda. Akauweka mezani mche wa sabuni aliopewa na mkurugenzi, akaupima kwa kiganja: shubiri ya kwanza, akageuza mkono, shubiri ya pili, sabuni ikaishia hapohapo kwenye ncha ya kidole. Ukumbi ukalipuka. Aliyepiga makofi kuliko wote, amesimama kabisa, koti limempanda mabegani, alikuwa mkurugenzi, mtoto wa kaka yake.

Shangazi hakuwa na cheo cha maana. Kitambulisho chake kiliandikwa "Mauzo", basi. Lakini kiwanda kilianzia uani, kwenye sufuria la kaka yake, na muuzaji wa kwanza alikuwa yeye, ndoo kichwani, mlango kwa mlango. Mizani hawakuwa nayo. Kaka mtu alimwambia anyooshe mkono, akapima shubiri zake mbili, akatengeneza fremu ya waya ya kukatia sabuni kwa urefu huo. Tangu siku hiyo Shangazi hakuwahi kusumbuka kueleza habari za povu wala harufu. Aliweka mkono juu ya mche, akaondoka na oda. Kaka akafariki, sufuria likawa mitambo, ua ukawa na geti na mlinzi mwenye madharau, na kiwanda kikamwangukia kijana aliyekwenda kusomea biashara akarudi na maneno.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: kampuni imekomaa. Kwenye kikao chake cha kwanza aliwasha mchoro ukutani, mstari umepanda, umepanda, kisha umelala chali kama mgonjwa.

"Kampuni ikishakomaa, kazi ya kiongozi ni kuitafutia ukuaji mpya," alisema. "Tusipokua, tunakufa."

Shangazi alimsikiliza kwa fahari, ingawa moyoni alijiuliza: mbona yeye aliacha kukua tangu usichana na bado yupo?

Baada ya kikao akamfuata ofisini.

"Mwanangu, ukuaji nitakuletea mimi. Hospitali wanataka sabuni ya maji. Shule wanataka, hoteli ndiyo usiseme. Nipe gari moja tu, nikuuzie mpaka uombe pumzi."

"Gari utapata, Shangazi. Lakini kwanza wenye maduka wana wasiwasi, wamesikia tunabadilika. Waite, uwaambie mche hauguswi. Wakikusikia wewe watalala usingizi."

"Na kweli hauguswi?"

"Shangazi jamani! Niuguse mkono wako?"

Ndipo ukaitishwa ule mkutano wa makreti ya soda, na kipaza sauti, na ile ahadi ya mdomo.

Mwezi haukuisha. Alipofika dukani kwa Bi Mizani, mama aliyepewa jina hilo kwa sababu hupima hata chenji, hakukaribishwa kiti.

"Njoo, staa. Nyoosha huo mkono wako maarufu."

Bi Mizani alikuwa na kisu chake na mazoea yake. Hukata mche kwa jicho, vipande sawasawa. Safari hii kipande cha mwisho kilitoka chembamba kama biskuti, na mteja akamwita mwizi mbele ya majirani.

Shangazi akaweka mkono. Shubiri ya kwanza, sawa. Ya pili, kidole cha mwisho kikaning'inia hewani. Akadhani mkono umevimba. Akajaribu wa kushoto.

"Jaribu na mguu," alisema Bi Mizani.

Alirudi kiwandani bila kuaga. Fundi wa kukata, mzee mwenzake, alikuwa akifuta waya kwa kitambaa.

"Hizi fremu mpya zimeingia lini?"

"Kabla ya mkutano wako, dada."

"Na wewe kimya!"

"Bosi alisema unajua. Nilipokuona na kipaza sauti nikasema, dada huyu ana roho ngumu."

Ule mche wa ukumbini, kumbe, ulikuwa wa akiba ya zamani.

Mkurugenzi hakubisha. Alimvutia kiti, akamwita Shangazi kwa sauti ileile tamu.

"Bei haijapanda. Karatasi ni ileile, rangi ileile. Soko limejaa, Shangazi, hatuna pengine pa kukulia. Hiyo ndiyo mbinu."

"Sikuulizi mbinu. Nakuuliza makofi. Ulikuwa unapiga ya nini?"

Akachezea kalamu. "Ningesema mimi, wasingeamini."

"Kwa hiyo ukanituma mimi nikadanganye."

"Nikakutuma ukawatulize. Na gari lako limo kwenye mpango, kweli kabisa. Sasa nenda ukawazoeshe taratibu, wewe ndiye unajua kuongea nao."

"Mwanangu, ulijifunza kusimama kwa kushika mkono huu."

Akautazama ule mkono, kisha akatazama saa. Kulikuwa na watu wa benki wanamsubiri.

Shangazi alitoka, akapita mlinzi, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mizani. Duka limejaa wateja.

"Nipe mche mmoja. Na beseni la maji."

"Wa kwako si unao kwenye mkoba?"

"Huo ni wa kampuni. Huu nanunua."

Akalipa, akakaa kwenye kreti mlangoni, akalowesha sabuni, akaipaka midomoni. Kisha akatoa ulimi, akaupaka nao. Wateja walicheka kidogo, halafu wakaacha. Povu likamtiririka kidevuni mpaka kwenye beji ya mauzo.

"Yaishe, dada," alisema Bi Mizani. "Nilikuwa nakutania tu."

"Niliahidi hadharani," alijibu Shangazi, akikohoa, akarudia tena kupaka.

Mteja mmoja nyuma akauliza sabuni hiyo siku hizi ni bei gani.

"Ileile," alisema Bi Mizani. "Elfu mbili."