Ulanzi Nisioweza Kuonja

Miaka ya mwisho ya Mwingereza, daktari wa misheni kule Njombe alinipa vidonge vya kuachia pombe. Aliniambia wazi kwamba nikinywa hata funda moja juu yake, moyo utanienda mbio na nitatapika hadi nyongo. Akaongeza kuwa vidonge ni nusu tu ya dawa. Nusu nyingine ni watu wa kuzungumza nao. Hiyo nusu ya pili niliidharau. Watu wa kuzungumza nao! Makambako nzima ilinijua.

Nyumbani nilikuwa peke yangu. Mke wangu alikuwa amerudi kwao, amechoshwa na ulevi wangu, akasema atakuja akisikia nimeacha kweli. Basi nikawa nameza kidonge changu kila asubuhi, kisha nakwenda shambani.

Mvua za masika zilipofika, mianzi yangu ilitoa ulanzi mwingi. Sikuwa na nia ya kuunywa, lakini mgeni utampa nini? Kaka yangu alikuja, nikamjazia kikombe. Akakishika, akanitazama, akangoja. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakutiliwa sumu.

"Onja basi, mdogo wangu."

"Siwezi, kaka. Dawa ya hospitali hainiruhusu."

"Dawa gani hiyo, inamkataza mtu kuonja pombe ya mianzi yake mwenyewe?"

Akakiweka kikombe chini taratibu, akaaga. Hakuwa na hasira. Aliogopa. Ndugu yangu wa tumbo moja aliniogopa mimi! Habari ikazagaa, na tangu hapo hakuna aliyepiga hodi kwangu. Niliwatukana wote peke yangu shambani, mpaka matusi yakaniisha. Upweke ule ulinitesa kuliko kiu. Asubuhi nyingine nilikishika kidonge mkononi nikijiambia nikitupe tu, nipate watu.

Vidonge vilipokwisha nilipanda lori kwenda Njombe. Nesi, mama mmoja wa makamo, alinipima, akafurahi.

"Hujanywa. Vizuri sana, baba. Sasa niambie, huko nyumbani unazungumza na nani?"

Nilitaka kumtajia mtu. Nikatafuta kichwani, sikumpata. Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi.

"Na wewe, mama," nikasema. "Leo."

Akakiacha kichupa cha vidonge mezani, akavuta kiti, akaketi.