Niliuzima Moto wa Mtani Wangu

Nimekosa mimi, tena nimekosa uzeeni, wakati ambao mtu hana hata kisingizio cha ujana. Jina langu usiniulize. Nikae nawe tu nikueleze, kisha unitukane ukipenda.

Ila nianze na baiskeli. Nilikuwa mdogo, darasa la pili, na ndiyo shule yangu yote ilipoishia. Mjomba wangu alikuja na baiskeli kutoka Nanganga. Nikaiiba nikateremka nayo kilima cha kanisani, breki sizijui. Nikaparamia vyungu vya mama mmoja aliyekuwa anaviuza. Vyote chali!

Watu walitoka kanisani wakanicheka. Padri naye akacheka akishika kanzu. Goti lilipona baada ya siku tano, lakini kile kicheko, ndugu yangu, hakikupona. Tangu siku hiyo ukinicheka mbele za watu nakuweka moyoni, hata ipite miaka kumi.

Ndiyo hapo anapoingia Baba Stela.

Baba Stela alikuwa jirani yangu hapa kijijini, upande wa Chiwata. Mjane, Myao. Mimi Mmakua, kwa hiyo ni mtani wangu. Unajua mambo ya utani: kwenye msiba wako anaweza kulala kwenye kaburi ulilochimba akasema hatoki mpaka apewe kuku, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mjinga.

Sasa mimi nilikuwa na kiburi kimoja. Kiporo sili! Nilimwambia mke wangu, Mama Agnesi, tangu mwaka wa kwanza: sufuria lijae, na kinachobaki kisilale ndani ya nyumba yangu. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, ugali ulale humo. Muhogo naung'oa shamba zima kwa siku moja ili wapita njia waone, wiki ikiisha umeoza. Mabibo tukishang'oa korosho nayaacha chini yachache na kujaa nzi. Niliona huo ndio uanaume.

Baba Stela yeye hatupi kitu. Ugali wa jana anaukata vipande, anaanika juu ya kipande cha bati, ukikauka anautwanga na kuchanganya na unga wa muhogo, unakuwa uji. Mabibo anakausha. Muhogo anaumenya na kuukausha, ndio makopa. Kila kitu anapandisha darini, juu ya mafiga, moshi unapiga kila siku, mdudu dumuzi hasogei.

Basi shangazi yangu akafa. Watu wamejaa, padri yupo. Baba Stela akatokea na uzi shingoni, ametunga vipande vya ugali mkavu kama shanga! Akapita katikati ya waombolezaji akicheza.

"Msimpe pole huyu!" anapiga kelele, ananionyesha kidole. "Kazoea kuzika! Kila asubuhi anazika ugali nyuma ya nyumba, tena bila padri!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Mama Agnesi, mke wangu mwenyewe, alijifunika khanga usoni mabega yakimtikisika. Nami nikacheka, maana ndiyo desturi. Lakini ndani nilikuwa nateremka kile kilima tena.

Nikasema, utanijua.

Nilingoja. Kifuku kikaingia, mvua za kutwa. Stela, binti yake aliyeolewa Newala, akawa anakaribia kujifungua. Baba Stela akaja kwangu asubuhi na ufunguo.

"Mtani, nakwenda kwa mwanangu wiki tatu. Niwashie moshi asubuhi na jioni. Moto mdogo tu, kuni mbichi kidogo. Nakuamini, ingawa wewe ni Mmakua."

"Nenda, mla viporo," nikamjibu. "Dari lako nitalilinda kuliko mke wangu."

Akacheka. Akaondoka.

Siku ya kwanza niliwasha. Nikakaa kwenye kigoda chake natazama moshi unavyopanda, nikaona ule uzi wa ugali umetundikwa ukutani. Kautundika! Nikachukua maji ya mtungi wake nikamwaga kwenye mafiga. Shwaa! Halafu nikapanda ngazi, nikanyofoa nyasi za paa mahali pawili, mkono mzima unapita. Nikafunga mlango.

Ukweli nikwambie, nilifurahi! Kila mvua ikinyesha nilikuwa naisikiliza kama ngoma. Wiki ya pili nilipita nje nikasikia uvundo, nikaenda kula kwa hamu. Nilishapanga na maneno ya kumwambia akirudi.

Akarudi na furaha zake, kapata mjukuu. Akafungua mlango. Nikamfuata haraka, kicheko kiko kooni. Nikamkuta juu ya ngazi kashika kopa jeusi lenye manyoya ya ukungu, unga wa dumuzi unamwagikia usoni.

"Mtani!" nikapaza sauti majirani wasikie. "Leo umezika wewe! Nikuitie padri?"

Hakucheka mtu. Mama Agnesi alikuja mbio na ungo mkononi, akachungulia juu, akakaa chini pale pale kwenye matope.

"Baba Agnesi, umefanya nini? Ule ulikuwa unga wetu!"

"Unga wetu upi?"

"Wewe unadhani kila Februari ghala likiisha unakula nini?"

Nilidhani unga ule unatoka kwa kaka yake Nanganga. Ndivyo alivyoniambia miaka yote!

Baba Stela akashuka polepole. "Nusu ya dari ni ya mkeo," akasema. "Ulivyoviacha vioze aliviokota, mimi nikakausha. Nilimwambia asikwambie, ungeona aibu. Mimi nilikutania kwa mdomo, mzee. Wewe umeniingia tumboni."

Aliniita mzee, si mtani. Miaka yote ile hajawahi kuniita mzee.

Mwaka ule tulichimba mizizi ya ming'oko porini kama nguruwe. Nilikonda mpaka kaptula ikafungwa kwa kamba. Mama Agnesi alinipakulia kila siku, na kiporo nilikula, nikalamba na sufuria! Mpaka leo akinipa chakula anaangalia pembeni.

Wewe unayesoma, unayemwaga wali asubuhi kwa kuwa ni wa jana: acha. Anika, kausha, mpe jirani. Na kama una kinyongo na mtu, mtukane, mpige hata ngumi, lakini usiguse akiba yake ya chakula. Hujui ni nani na nani wanaitegemea. Mimi nililipiza kisasi kwenye tumbo la mke wangu.

Sijakwambia Baba Stela alivyoondoka. Nilimfuata kesho yake, baada ya siku ile ya dari, na debe la mtama, la mwisho nililokuwa nalo. Nikamkuta anakunja mkeka. Nikamwambia nisamehe, mtani. Nikamwambia nitunge uzi mwingine, univalishe mimi, unipitishe kijiji kizima.

Alilipita debe, akaweka jembe begani, akashika njia ya Newala. Mlango aliuacha wazi. Hakurudi tena.