Nilifunga tairi kubwa kwenye tela la baba mkwe, mama mkwe akakalia moto

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe. Humu jukwaani kuna watu wa Samuye waliokuwepo siku ile, kwa hiyo nikidanganya hata rangi ya trekta wataniumbua. Lilikuwa jekundu.

Naishi Bugarama, nasimamia karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Ufundi sijasomea, ila mkono wangu hautulii. Nikiona kitu kinafanya kazi vizuri naanza kujiuliza kwa nini kisifanye vizuri zaidi. Huo ndio ugonjwa wangu.

Mwaka huu ugonjwa ulinifikisha pabaya.

Mke wangu, Mama Limi, anashona nguo. Nikachukua cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu nikaifunga mota ya pampu ya maji. Siku ya kwanza tu ilimeza gauni la mteja, shela na utepe wa kupimia, vyote kwa mkupuo mmoja.

Mama Limi hakupiga kelele. Alisema tu, "Cherehani yangu ilikuwa nzima."

Kesho yake akambeba mwanetu Limi akarudi kwao Samuye.

Wakuu, msione watu wanatania kuhusu ndoa. Wiki ya tatu nilikuwa nasonga ugali huku machozi yananitoka, na ugali wenyewe una mabuje ya unga mbichi.

Nikafunga safari kwenda kuomba msamaha. Baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipeleka kwenye tela lake la trekta. Ni tela la zamani, limejengwa juu ya ekseli na springi za lori, na lina madigadi, vile vifuniko vya juu ya tairi, ya chuma bapa pande zote mbili. Tairi zake zote mbili zilikuwa vipara.

"Jumamosi tunakwenda harusini, kijiji cha jirani," akasema. "Leta tairi mbili kama hizi. Ukitufikisha salama, ondoka na mkeo. Nimesema kama hizi."

Hizo zilikuwa saizi 750-16. Muuzaji alikuwa nazo, wala sikuzunguka.

Tatizo ni kwamba pembeni yake kulikuwa na 900-16. Mtumba safi, meno marefu, zinaingia rimu ileile. Nikayawaza yale matope meusi ya mbugani. Nikamwona baba mkwe akiwaambia wazee wenzake kwamba binti yake ameolewa na mtu mwenye akili.

Mkono ukaniwasha. Nikachukua kubwa.

Jumamosi asubuhi nikazifunga. Baba mkwe akazizunguka mara mbili.

"Hizi ni kama zile?"

"Ni kama zile baba, ila hizi zimeshiba."

Nikapima nafasi kati ya tairi na madigadi. Vidole vitatu. Nikapiga mluzi.

Kisha watu wakaanza kupanda.

Ukoo ule si wa mchezo. Walipanda watu kama ishirini, Mama Limi akiwemo, masufuria, magunia mawili ya mchele na mbuzi wa zawadi. Springi zikalala. Nikainama upande wa kushoto kupima tena, nikakuta kidole kimoja.

Nikaenda upande wa kulia. Pale nikasimama kama mlingoti.

Juu ya madigadi ya kulia, usawa wa katikati ya tairi, alikuwa amekaa mama mkwe. Goti linamsumbua, hawezi kukaa chini kwenye sakafu ya tela, na hapo ndipo anapokaa miaka yote.

Kwa ambao si wa huku: Wasukuma wa zamani hawana mchezo na ukwe. Mimi ni mkwilima, yaani mkwe wa kiume. Mama mkwe hanisemeshi hovyo, mimi simkaribii hovyo, na kwa miaka sita tulikuwa tunawasiliana kupitia watu. Sasa ili nipime tairi ile ilibidi nipige magoti na kuchungulia chini ya mahali alipokaa.

Thubutu!

Nikamwomba shangazi yake Mama Limi amwambie asogee kidogo. Jibu likarudi: "Mwambie mkwilima nimekaa hapa tangu tela hili linunuliwe."

Nikajiridhisha kwamba kama kushoto ni kidole kimoja, basi kulia nako ni hivyo hivyo. Kumbe magunia yote ya mchele yalikuwa kulia. Na mama mkwe mwenyewe, namheshimu sana, si mtu mwepesi.

Tukaondoka. Mimi naendesha, baba mkwe amekaa pembeni yangu kwenye trekta, wengine wote wako nyuma wanaimba.

Hatujamaliza kilomita mbili, shangazi akapaza sauti toka kwenye tela, baba mkwe akageuka kumsikiliza, kisha akaniambia sikioni, "Mama anasema upande wake kuna joto."

"Mwambie jua limekuwa kali, ajifunike kitenge."

Ujumbe ukarudi nyuma. Tukaendelea.

Baada ya muda baba mkwe akaniinamia tena. "Mama anasema joto halitoki juu."

Wakuu, hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Lakini nilikuwa naogopa kuulizwa linatoka wapi. Na yeye mama wa watu angemwambiaje mkwilima wake ni wapi panapoungua? Basi akawa anavumilia kwa heshima, na mimi naendesha kwa heshima, na tairi inasugua chuma.

Nyimbo zikakatika ghafla. Nikanusa mpira unaungua.

"BABA LIMI! SIMAMISHA!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Neno lake la kwanza kwangu tangu nioe. Nilikanyaga breki mpaka mbuzi akapiga magoti.

Watu wote wakashuka. Moshi ulikuwa unatoka kulia. Mama mkwe alisimama mbali, kitenge amekishika nyuma kwa mikono miwili, anatazama upeo wa macho. Sikuuliza kitu.

Nikainama sasa kwa uhuru wote. Nafasi: vidole vitatu.

Baba mkwe akapima na yeye. "Mbona ipo sawa?"

Wakapanda, tairi ikagusa chuma. Wakashuka, ikawa sawa. Wakapanda tena, ikagusa. Tulifanya hivyo mara nne, wapita njia wakasimama kuangalia ukoo mzima ukipanda na kushuka kwenye tela lililosimama. Mzee mmoja akauliza kama ni maombi.

Nikashauri watu wazito watembee. Wakuu, msije mkalisema neno hilo mbele ya wakwe zenu. Kila mtu akawa mwepesi. Shangazi aliniuliza nimempimia mizani gani.

Mwisho baba mkwe akashuka, akavua viatu, akaanza kutembea. Wote wakamfuata. Mama mkwe na goti lake akapandishwa kwenye trekta, akakaa alipokuwa amekaa mumewe, kwenye gunia tupu lililokunjwa mara nne. Mimi naendesha nikitazama mbele tu, shingo imekauka. Nyuma tela limebeba mchele, masufuria na mbuzi, nalo halisugui chochote.

Kilomita saba hizo.

Wenye harusi walipoona watu karibu ishirini wanatembea nyuma ya mbuzi aliyepanda tela peke yake, walidhani ni heshima kubwa tumewafanyia. Vigelegele vilipigwa mpaka nikaona aibu.

Lakini baba mkwe hakuwa na vigelegele. Baada ya chakula alituita pembeni, mimi na Mama Limi.

"Nilisema utufikishe. Lililofika ni tela. Sisi tumejifikisha wenyewe. Mke wako atabaki kwetu."

Nilimtazama Mama Limi, naye anatazama chini, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma yetu kwa sababu kukaa hakuwezekani, akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, mpe mke wake waondoke leo. Huyu akizoea kuja hapa kuomba msamaha, atatuboreshea na paa la nyumba."

Baba mkwe aliangalia tela, akaangalia mapaa ya nyumba za watu.

"Nendeni," akasema.

Wiki iliyofuata nilirudi na 750-16, kama zile. Cherehani ya Mama Limi iko kama ilivyotoka dukani, na mimi siruhusiwi kuikaribia zaidi ya mita mbili.

Nilichojifunza: nafasi ya tairi pima tela likiwa na mzigo, pande zote mbili, na ukiambiwa "kama hizi" leta kama hizi. Na mtu akikuambia anaungua, usimshauri ajifunike kitenge.

Nipeni na zenu: nani mwingine ameboresha kitu kilichokuwa kizima?

Na kama kuna mwenye shida ya 900-16, ninayo moja tu. Ya pili ipo uani Samuye, mama mkwe anaikalia akichambua mboga, anasema hiyo haina joto. Heshima zetu zimesharudi kama zamani, kwa hiyo siwezi kumwomba asimame.