Wateja Wangu Walikuwa na Unga

Mwaka ambao Tufani ilianza kufa ndio mwaka niliopata wateja wengi kuliko miaka yote.

Najua haiingii akilini. Hata mimi sikuelewa.

Tufani ni mashine ya gemu, na mimi nilikuwa fundi wa Tufani tu. Ukiniletea ya kampuni nyingine, unarudi nayo kama ulivyokuja. Mtaa mzima uliniita Fundi Tufani, na kichwa kikavimba.

Kisha zikaja habari. Mauzo yameporomoka, kampuni inatafakari kama iendelee kuitengeneza au iachane nayo. Gemu mpya zikakoma. Vipuri vikawa vya kutafutwa kwa tochi.

Kaka yangu mkubwa, msimamizi kwenye kiwanda cha unga, akanifuata kibandani.

"Mdogo wangu, jifunze na mashine nyingine. Hawa jamaa wenyewe hawaijui kesho yao."

"Kaka, wewe shika unga wako."

"Nakwambia kwa sababu nakupenda."

"Ungenipenda ungeniamini. Hebu toka, unanizibia mwanga."

Akatoka. Nikamnunia miezi minane, hata salamu sikumpa.

Lakini wateja sasa! Wiki iliyofuata akaja dereva wa lori na Tufani iliyokufa kabisa. Halafu mama mmoja wa makamo, hajui hata inawashiwa wapi.

"Ya mwanangu," akasema, huku anaangalia pembeni.

Kila wiki mmoja, mara wawili. Nikifungua, feni imejaa unga. Nikawa nacheka peke yangu: jamani, siku hizi watu wanachezea gemu jikoni?

Ndiyo, unga. Na bado sikuunganisha mambo.

Nikimaliza kazi huwa naweka tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya skrubu ya mwisho, nijue kama kuna mjuaji aliyeifungua baada yangu. Hakuna hata moja iliyorudi. Nikajiona mwamba. Nikaipiga picha meza yangu iliyojaa mashine, nikamtumia kaka: "Si ulisema imekufa?"

Akajibu: "Hongera, mdogo wangu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Wiki ile ile moyo wake ulisimama akiwa kazini, saa nne asubuhi.

Baada ya mazishi, mkewe akanipeleka stoo.

"Shemeji, hizi nizifanyeje? Alikuwa hataki mtu aziguse."

Zilikuwa Tufani, zimepangwa mpaka usawa wa dirisha. Nikageuza ya kwanza. Tone jekundu. Ya pili, tone jekundu. Nikakaa sakafuni, nikageuza ya tatu.

"Alikuwa ananunua mbovu mtandaoni," shemeji akasema, "anaziweka kiwandani, anawapa wenzake wakuletee. Nikamuuliza, kwa nini usiongee naye tu? Akasema, 'Anaipenda ile kazi. Asije akavunjika moyo kabla hajawa tayari kuacha.'"

Nililia mpaka sauti ikakauka. Na hapo nilikuwa sijaiona ya chini kabisa.

Ile haikuwa na tone. Niliitambua kwa kona iliyoyeyuka, kaka aliiunguza kwa pasi tukiwa wadogo. Ilikuwa Tufani yetu ya kwanza, aliyotununulia baba. Hakuthubutu kunitumia hiyo, maana ningeijua.

Nikaenda nayo kibandani. Nilihangaika nayo siku tatu, ikawaka. Gemu yetu ya mpira ikafunguka, ikaandika: *Mchezaji wa pili, bonyeza kuanza.*

Nikaitazama padi ya pili ya kuchezea pale mezani. Nikazima. Sijaiwasha tena.

Kampuni bado inatafakari. Mimi nimeshaanza kujifunza mashine nyingine, kaka, kama ulivyosema. Tone jekundu bado naweka.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu umemnunia kwa sababu alikwambia ukweli, mpigie leo. Usijidai unangoja yeye aanze. Wa kwangu alishaanza siku nyingi, mimi nikawa nampangusa kwenye feni na kumcheka.